Ng'ombe za Tennant na avoka aliyesoma karatasi zote

Wengi wetu tunafikiri avoka mkubwa wa kesi za watu walioumizwa ni yule anayesema kwa nguvu mbele ya tribinali. Robert Bilott wa Marekani hakupata jina kwa njia hiyo. Kazi yake ilikuwa kusoma, na ilianza na ng'ombe, njo maana hata sisi ba agronomi inatuhusu.

Bilott alikuwa avoka Cincinnati, jimbo la Ohio, katika ofisi iliyozoea kutetea masosiete ya kemikali. Mwaka 1998 mfugaji mumoja wa Parkersburg, West Virginia, Wilbur Tennant, alimupigia simu. Walijuana kwa njia ya bibi yake Bilott, aliyewahi kuishi upande ule. Tennant alikuwa amepoteza ng'ombe zaidi ya 150. Juu ya shamba lake kulikuwa jaa la takataka la DuPont, kwenye ardhi ambayo sosiete ile ilinunua kwa familia yake, na kijito kilitoka kule kikaja mpaka kwa mifugo. Pale kwao DuPont njo ilikuwa inalisha watu, basi hakuna aliyetaka kumusaidia. Akachukua kamera, akapiga video za maji yenye povu, akapasua mizoga mwenyewe na kuonyesha viungo vya ndani.

Kesi ilifunguliwa 1999. DuPont na EPA, shirika la serikali la mazingira, walituma maveterinere sita, watatu kila upande. Ripoti yao ilisema kosa ni ya mfugaji: chakula kibaya, matunzo mabaya, nzi hawazuiwi.

Tusimame hapa kidogo. Ile ripoti haikuandikwa na maavoka. Iliandikwa na watu wa fani ya jirani na yetu. Sisi pia tukifika kwa mkulima, kitu cha kwanza tunaangalia ni matunzo, juu njo tulifundishwa. Kumbe kilichokuwa ndani ya maji hakikuwa hata kwenye orodha ya serikali ya vitu vinavyokatazwa.

Bilott alikutana na jina lile katika barua moja ya DuPont: PFOA, kemikali ya kutengenezea Teflon, ile inayofanya chakula kisishike kwenye sufuria. Aliomba karatasi zote. DuPont ilikataa, tribinali ikailazimisha, na maboksi yakafika: kurasa 110.000 hivi, nyingine za miaka makumi. Alikaa chini kwa miezi akizipanga kwa tarehe. Ndani yake alikuta kwamba tangu 1961 watafiti wa sosiete yenyewe walijua dawa ile inavimbisha maini ya wanyama, na kwamba 1984 waliikuta ndani ya maji ya kunywa ya wakaaji. Hawakuwaambia.

Kesi ya Tennant iliisha kwa mapatano. Lakini Bilott hakufunga dosie. Mwaka 2001 aliandikia serikali barua ya kurasa 972, halafu akafungua kesi kwa jina la watu wote waliokunywa maji yale.

Sasa njo sehemu ngumu. Kwa kawaida, mtu aliyeumizwa anapaswa kuonyesha vitu vitatu: kosa, hasara, na kiungo kati yao. Hata kwetu Kongo, kifungu 258 cha Kode sivili, kitabu cha tatu, kinadai vile vile. Kosa ilikuwa kwenye karatasi, ugonjwa ulikuwa kwenye mwili, lakini nani atahakikisha kwamba kansa ya huyu ilitoka kwenye yale maji?

Katika mapatano ya 2004 DuPont ilitoa dola milioni 70, na pande zote mbili zikakubali wanasayansi watatu wachunguze. Kama watapata kiungo, sosiete haitakibishia tena. Sehemu ya pesa ilitumika kuwapa watu dola 400 kila mumoja ili watoe damu. Watu karibu 69.000 walikuja. Kwangu mimi huo njo uamuzi wenye akili kuliko yote: pesa ya fidia ikageuka kuwa ushahidi.

Matokeo yalichukua miaka saba. Maavoka wa kesi hizi wanalipwa asilimia wakishinda, basi miaka yote ile ofisi iliendelea kutoa pesa. Tennant alikufa 2009, hakuyaona. Mwaka 2012 wanasayansi walimaliza: magonjwa sita yanahusika, ndani yake kansa ya figo na ya korodani.

Kesi za watu 3.500 hivi zikafuata. Ya kwanza, 2015, raia wa kawaida waliokaa kama waamuzi walimupa mwanamke mwenye kansa ya figo dola milioni 1,6. Baada ya kushindwa mara kadhaa, DuPont na Chemours walikubali, 2017, kulipa milioni 671 kwa wote.

Mwaka 2018 Bilott alirudi na kesi kubwa zaidi, akitaka masosiete ya kemikali za aina hii yalipie uchunguzi wa aina ile ile kwa Wamarekani wote wenye dawa hizo katika damu. Mwaka 2023 tribinali ya rufaa ikaitupa: mlalamikaji hakuonyesha ni sosiete gani, kati ya kumi, iliyotengeneza ile iliyo ndani ya damu yake.