KABLA YA KATAPILA: FUNZO LA BARABARA YA FORT PORTAL NA KAMWENGE

Barabara ni neema kwa wananchi. Mkulima mwenye mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi hawezi kunufaika na jasho lake ikiwa mvua moja tu yatosha kuizuia lori isifike kijijini. Mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kungojea tope likauke. Ndiyo maana habari kwamba barabara inakuja hupokewa kwa vigelegele, na mtu anayeuliza maswali siku hiyo huweza kudhaniwa kuwa ni mpinga maendeleo.

Hata hivyo, barabara haipiti hewani. Hupita katika shamba la mtu, karibu na kisima cha watu, mbele ya shule na kando ya makaburi. Huleta mitambo, baruti na vumbi; tena huleta mamia ya wafanyakazi wageni wenye mshahara mfukoni, katika vijiji ambako fedha ni adimu. Kwa sababu hiyo, sheria za nchi nyingi zimeagiza kwamba kazi moja hapana budi itangulie katapila, nayo ni tathmini ya athari kwa mazingira na jamii.

Tathmini hiyo ni nini?

Kwa maneno mepesi, tathmini ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi kuanza, ili ijulikane mapema ni nani na ni kitu gani kitakachoguswa, kwa kiasi gani, na madhara hayo yatazuiwa au yatalipwa vipi. Marekani ndiyo iliyotangulia kuiweka katika sheria ya taifa, iliyotiwa sahihi tarehe 1 Januari 1970. Katika Afrika ya Mashariki, Uganda ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1995 na kanuni za tathmini mwaka 1998. Kenya ikafuata kwa sheria ya mwaka 1999, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2004. Uganda iliifanya upya sheria yake mwaka 2019, ikatoa kanuni mpya mwaka 2020, na safari hii athari kwa jamii zikatajwa katika jina lenyewe la kanuni hizo.

Wataalamu hupita njia nzima. Huangalia mito na mabwawa, mahali pa kuchimba kifusi na mawe, nyumba na mazao yaliyomo katika eneo la barabara, na mahali patakapojengwa kambi. Huwakutanisha wananchi wakasikiliza maoni yao. Mwishowe huandika ripoti pamoja na mpango wa utekelezaji unaosema nani atafanya nini, lini, na kwa fedha zipi. Bila ya mpango huo, ripoti hubaki kuwa karatasi za kabatini tu.

Yaliyotokea Kamwenge

Magharibi ya Uganda, kati ya mji wa Fort Portal na mji wa Kamwenge, kuna barabara ya kiasi cha kilomita 66. Hupita katika nchi ya migomba na mashamba ya chai, ikakatiza msitu wa Kibale, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993. Msitu huo unajulikana duniani kwa sokwe wake, na kwa jumla una aina 13 za jamii ya sokwe, nyani, mbega na kima. Jirani yake ni Bigodi, kijiji chenye bwawa la matete ambalo wanakijiji wenyewe wanalilinda na kuwatembeza wageni.

Barabara hiyo ilikuwa ya changarawe. Kuitia lami kuliingizwa katika mradi wa usafirishaji uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ambao benki hiyo iliuidhinisha mwaka 2009. Tathmini ilifanywa, na mpango wa kuwalipa fidia watakaoguswa ukaandikwa.

Lakini kazi ilipopamba moto, malalamiko yalianza kusikika. Watu walisema kwamba fidia ilikuwa pungufu, au ilichelewa. Machimbo ya mawe yalipopigwa baruti, waliokaa jirani walilalamikia mitetemo na mawe yaliyoruka. Kulikuwa na vumbi na ajali. Baya kuliko yote, wasichana wadogo, wakiwamo wanafunzi, walidhulumiwa na baadhi ya wafanyakazi wa mradi. Wengine wakapata mimba na kuacha masomo. Wazazi wakabaki na wajukuu ambao baba zao walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Mwezi Desemba 2014, na tena Septemba 2015, wananchi wa vijiji vya sehemu hiyo, Bigodi ikiwa miongoni mwake, walipeleka malalamiko yao mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Tarehe 21 Desemba 2015 benki hiyo ilitangaza kwamba imefuta ufadhili wake kwa mradi huo. Ripoti ya wakaguzi, iliyotolewa mwaka 2016, ilionyesha kwamba hatari za kuingia kwa wafanyakazi wengi wageni hazikupimwa ipasavyo, na kwamba usimamizi ulikuwa dhaifu.

Jambo hilo halikuwa la Uganda peke yake. Mwaka 2017 malalamiko ya dhuluma dhidi ya wanawake na wanakijiji yalitoka pia katika kazi za barabara ya Bukavu na Goma, mashariki ya Kongo, na benki hiyohiyo ikasimamisha malipo ya ujenzi.

Pengo lilikuwa wapi?

Watu waweza kusema kwamba tathmini haina maana, kwa kuwa ilifanywa na madhara yakatokea. Hoja hiyo si sahihi. Kasoro haikuwa kufanya tathmini. Kasoro ilikuwa kuitazama barabara kama udongo, mawe na maji peke yake. Aghalabu katika kazi hizi miti huhesabiwa mmoja mmoja, na upana wa kalvati hupimwa kwa makini. Lakini swali la wanaume mia tatu watakaokaa miaka miwili karibu na shule ya wasichana hupewa mistari michache, au halipewi kabisa. Na hata linapoandikwa, halina faida kama halikuingizwa katika mkataba wa mkandarasi, likawekewa fedha, msimamizi na adhabu.

Funzo hilo liligharimu sana, lakini halikupotea. Mwezi Oktoba 2016 Benki ya Dunia iliunda kikosi maalumu cha kuchunguza namna ya kuzuia dhuluma za kijinsia katika miradi yake. Taratibu zake mpya za mazingira na jamii, zilizoidhinishwa mwezi Agosti 2016, zilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2018. Zina viwango kumi, miongoni mwavyo kazi na wafanyakazi, afya na usalama wa wananchi, utwaaji wa ardhi, na kuwashirikisha wananchi. Ama barabara yenyewe, leo ina lami, na magari hupita masika na kiangazi. Lakini msichana aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mitano hawezi kurudishiwa miaka hiyo kwa lami.

Mambo ya kuangalia nyumbani

Wataalamu wa tathmini wanapofika kijijini, mara nyingi huzungumza na wazee wa baraza, nao akina mama wako shambani. Haifai kuwa hivyo, kwa maana athari nyingi za barabara huangukia jikoni na uani. Kila kaya yapaswa kujiandaa kwa mambo haya:

Mali na mipaka. Vigingi vinapopigwa, andikeni kila kilichomo ndani ya eneo: migomba, mibuni, miti ya matunda, choo, kisima na kaburi. Mume na mke wote wawepo mthamini anapohesabu, na wabaki na nakala ya karatasi waliyoitia sahihi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka idhini ya mwenzi katika uuzaji na uhawilishaji wa ardhi ya familia. Fidia ikitoka, ni vema kujenga au kununua shamba lingine kwanza, kabla fedha haijaishia sokoni.

Maji. Barabara iliyoinuliwa ni kama ukuta: huzuia maji upande mmoja na kuyamwaga kwa nguvu upande wa pili. Ulizeni kalvati zitatoa maji wapi, na kama ni katika shamba la mtu, mtaro utaishia wapi. Mashimo ya kifusi yafukiwe kazi inapokwisha. Yakiachwa wazi huwa mazalio ya mbu na mitego ya kuzamisha watoto.

Vumbi na baruti. Boza la maji lipite mara kwa mara wakati wa kiangazi. Kabla ya machimbo kuanza, kuta za nyumba za jirani zikaguliwe na kupigwa picha. Bila hivyo, nyufa zitakapotokea itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba hazikuwapo zamani. Saa za kulipua zitangazwe.

Wafanyakazi. Ulizeni kambi itakuwa wapi, na ni vijana wangapi wa kijiji watakaoajiriwa. Kila mfanyakazi, tangu mhandisi hadi kibarua, atie sahihi kanuni za mwenendo. Awepo mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, na mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa mambo mengine binti hawezi kumweleza mwanamume asiyemfahamu. Wazazi nao wazungumze na watoto wao mapema, bila vitisho. Katika sheria ya Uganda, kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai, hata ikidaiwa kwamba aliridhia. Kwa hiyo shauri kama hilo ni la polisi na mahakama. Kulimaliza nyumbani kwa mbuzi wawili na bahasha ya fedha ni kumdhulumu mtoto mara ya pili.

Mwendo wa magari. Barabara ya mashimo ilimlazimisha dereva aende polepole. Ya lami haimlazimishi. Palipo na shule, soko au zahanati, dai la matuta, alama na njia ya waendao kwa miguu litolewe wakati michoro ingali mezani.

Wajibu wa viongozi na wananchi

Ripoti za tathmini huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kurasa mamia, na kuwekwa ofisini mjini. Ni wajibu wa viongozi wa vijiji kuomba zielezwe mkutanoni kwa lugha ambayo bibi wa miaka sabini ataielewa. Ni wajibu wa watumishi wa serikali kutoishia kwenye mkutano mmoja wa kusaini mahudhurio, bali kurudi kila mwezi, kazi ikiendelea, kutazama kama yaliyoahidiwa yanatendwa.

Wananchi nao wasione haya kuuliza. Waliolalamika kule Bigodi walikuwa wakitaka barabara, tena waliingojea kwa miaka mingi. Walichodai ni kwamba binti zao waendelee na masomo na nyumba zao zibaki zimesimama wakati barabara inapojengwa. Dai hilo hutimizwa kwa gharama ndogo likiwekwa katika tathmini na katika mkataba. Likiachwa hadi katapila liingie, gharama yake hubebwa na kaya zilizo kando ya njia.