Filamu Hii Haikutengenezwa Ili Watu Wasahau Njaa

Kila ninapoonyesha filamu ya muziki ya Kimarekani *Gold Diggers of 1933* darasani, swali huja kabla taa hazijawashwa: watu wenye njaa walipataje hamu ya kwenda kutazama mabinti wakicheza? Na muulizaji huwa na jibu lake tayari, kwamba walikwenda kusahau shida. Jibu hilo limerudiwa mno mpaka linafundishwa kama historia. Si kweli, na nimechoka kulisikia.

Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoibana Marekani, watu hawakukimbilia sinema. Waliziacha, maana kiingilio hawakuwa nacho. Kumbi kwa maelfu zilifungwa. Januari 1933 kampuni za filamu za Paramount na RKO ziliwekwa chini ya wasimamizi kwa kushindwa kulipa madeni. Mwezi Machi, filamu hii ikiwa bado inapigwa, Rais Roosevelt alifunga benki za nchi nzima kwa siku kadhaa, na studio za Hollywood zikakata mishahara, mingine kwa nusu. Ngoma na nyimbo zingekuwa dawa ya ufukara, biashara hiyo ingenawiri. Tena filamu za muziki zilikuwa zimekwisha kuwachosha watazamaji. *42nd Street* ya Warner Bros. ndiyo iliyozifufua, mwaka huohuo wa 1933.

Sasa itazameni filamu yenyewe. Inafunguka kwa Ginger Rogers na wenzake waliovalia sarafu kubwa wakiimba kwamba pesa imejaa, ubeti mmoja kwa maneno yaliyogeuzwa kama kinyume cha watoto wetu. Wimbo haujaisha, wanaingia watu wa sherifu. Wanabeba mapambo ya jukwaa na kuwavua wachezaji mavazi, kwa sababu mwenye onyesho hajalipa madeni yake. Baada ya hapo tunawakuta mabinti watatu katika chumba kimoja, hawana kazi, na Trixie, anayeigizwa na Aline MacMahon, anaiba maziwa ya jirani dirishani. Shida imefichwa wapi hapo? Ndoto imejengwa mbele yetu, kisha ikakamatwa na wadai mbele yetu.

Na wimbo wa mwisho, *Remember My Forgotten Man*, hauna furaha hata kidogo. Joan Blondell anamzuia polisi asimkamate fukara wa mtaani kwa kumwonyesha nishani iliyo ndani ya koti la mtu huyo. Etta Moten anaimba akiwa dirishani, kwa sauti nzito ya msiba. Wanajeshi wanaandamana wakishangiliwa, wanarudi majeruhi, wanaishia kwenye foleni ya chakula cha msaada. Kila Mmarekani ukumbini alikumbuka Julai 1932, wakati jeshi chini ya Douglas MacArthur lilipowafukuza Washington maveterani wa vita waliodai malipo yao ya utumishi, kwa mabomu ya machozi, na kambi yao ikateketea. Mtu anayetaka kukusahaulisha hafungi filamu kwa jeraha la mwaka jana.

Ukitaka kuitazama vizuri, anza na *42nd Street*. Kisha, ukifika kwenye *Gold Diggers*, usichelewe dakika za mwanzo. Mapenzi ya matajiri wa Boston katikati yapitie haraka. Kwenye ngoma ya violini zinazowaka taa, angalia mpanga ngoma Busby Berkeley anavyoipandisha kamera juu ya wachezaji. Tafuta filamu nzima, si vipande: wimbo wa sarafu ukikatwa kabla ya sherifu kuingia, unabaki na uongo uleule ninaoulizwa kila muhula.