INJINI ILIYOBEBA JINA LETU

Mkazi wa Nkuhungu apandapo treni leo hawazi habari ya maji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, nayo haina tanuri wala kiu. Lakini wazee wetu, ambao jasho lao liliifikisha Reli ya Kati hapa mwaka 1910 chini ya Wajerumani, walijua kwamba injini ya mvuke hunywa kama kundi la ng'ombe, na nchi hii ni kavu.

Ndiyo maana twawakumbusha ndugu zetu wafanyakazi habari za injini namba 3020, iitwayo Nyaturu. Ni moja ya injini 26 za daraja la 30, zilizoundwa Glasgow na kiwanda cha North British katikati ya miaka ya 1950, kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Zilipewa majina ya makabila, na hii ikapata la ndugu zetu wa Singida. Zilichoma mafuta mazito. Tangi lao la nyuma lilikuwa kubwa, zipate kuvuka masafa yasiyo na maji; na uzito uligawanywa juu ya magurudumu mengi, usiumize reli nyepesi.

Dizeli ilipoushinda mvuke, injini nyingi zilikatwa zikawa chuma chakavu. Nyaturu ilisalimika katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Mafundi wakaifufua, pamoja na jitu la tani 250 na zaidi, namba 5918, lenye jina la mlima wetu Gelai. Zote zikatembea tena.

Kufufua injini si kupaka rangi. Kila bomba la boila hukaguliwa. Moto huwashwa saa nyingi kabla ya safari, na jicho la mtia moto halibanduki kwenye kipimo cha maji; yakipungua juu ya tanuri, boila yaweza kupasuka na kuua. Huo ni ujuzi wa mikono, na hauhifadhiwi kabatini.

Sisi twaona hapo ndipo penye deni. Jina la kabila liliandikwa ubavuni mwa injini. Majina ya madereva, watia moto na wapiga nyundo hayakuandikwa. Wazee wa reli wangali miongoni mwetu. Vijana, waendeeni, waulizeni, mkaandike, kabla ya ujuzi huo kuzikwa pamoja nao. Mwacha asili ni mtumwa.