Kilo Zetu Ndani ya Kompyuta: Hesabu ya Mshahara Inavyopita Hatua kwa Hatua

Zamani kikapu cha majani ya chai kilikuwa na mashahidi wawili: kadi ya mchumaji na daftari la karani. Karani alisoma mzani kwa sauti, akaandika, na mchumaji akaondoka na kadi yake. Siku ya malipo kadi na daftari viliwekwa mezani pamoja. Asiyejua kusoma alimwomba mwenzake amsomee, na kama kilo hazikulingana, ubishi ulimalizwa hapo hapo.

Siku hizi mahali pengi uzito unaingizwa kwenye kompyuta, na mwisho wa mwezi tunapokea karatasi yenye jumla moja. Tukiuliza jumla hiyo imetoka wapi, tunajibiwa: "Kompyuta ndiyo imesema." Jibu hilo halitoshi. Kompyuta hufuata maagizo iliyopewa na mtu, na maagizo ya mtu yanaweza kuulizwa. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze hesabu hiyo inavyofanywa, ili kila mmoja wetu, wa shambani na wa kiwandani, ajue aulize nini.

Ghala la hati ni nini?

Ziko namna nyingi za kuhifadhi kumbukumbu katika kompyuta. Namna moja iliyoenea sana ni ghala la hati. Programu ya aina hiyo inayojulikana sana ni MongoDB, iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya New York, Marekani. Mwaka 2012 programu hiyo iliongezewa njia ya kujumlisha kumbukumbu kwa mkondo wa hatua, na njia hiyo ndiyo tunayoieleza hapa.

Hati moja ni kama kadi moja. Tuchukue mfano, ambao si wa kiwanda chochote. Hati ya mfanyakazi namba 214 ya tarehe 3 Juni inaonyesha namba yake, tarehe, shamba B, na orodha ya mizani mitatu: saa 3 asubuhi kilo 18, saa 6 mchana kilo 23, saa 9 alasiri kilo 15. Hati ya mwenzake inaweza kuwa na mizani miwili, na ya mwingine aliyepangiwa kupogoa siku hiyo ikawa na orodha tupu. Ghala la hati linakubali tofauti hizo bila kulalamika. Huo ndio uzuri wake, na kama tutakavyoona, ndiyo hatari yake pia.

Mkondo ni kama kiwanda cha chai

Sisi wa Gisenyi, ambao kiwanda cha chai cha Pfunda ni jirani yetu, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Majani mabichi yakifika kiwandani hunyaushwa kwanza, kisha hukatwa na kusokotwa, huchachushwa, hukaushwa, na mwisho hupepetwa na kupangwa kwa madaraja. Kinachotoka katika chumba kimoja ndicho kinachoingia katika chumba kinachofuata. Hakuna anayekausha kwanza ndipo anyaushe. Ukibadilisha mpangilio, unaharibu chai.

Mkondo wa hesabu ni vivyo hivyo. Hati zinaingia upande mmoja kwa maelfu, zinapita hatua moja baada ya nyingine, na upande wa pili inatoka karatasi ya malipo. Hatua za kawaida ni hizi:

Kwanza, kuchuja. Katika hati zote za mwaka, zinabaki za mwezi wa Juni peke yake. Hatua hii huwekwa mwanzo ili mashine isibebe mzigo usiohitajika.

Pili, kufungua orodha. Hati yenye mizani mitatu inakuwa hati tatu, kila moja na mzani wake.

Tatu, kukusanya. Hati zote zenye namba moja ya mfanyakazi zinawekwa pamoja, na kilo zake zinajumlishwa. Mfanyakazi 214 anapata kilo 56 kwa tarehe 3, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi.

Nne, kuunganisha. Jumla ya kila namba inaunganishwa na hati nyingine yenye jina la mtu, daraja lake na makato yake.

Tano, kukokotoa na kupanga. Kilo zinazidishwa kwa bei, makato yanatolewa, na majina yanapangwa kwa utaratibu.

Jambo moja tulishike vizuri: hati za asili hazibadiliki kwa kupita katika mkondo huu, isipokuwa iwekwe hatua ya mwisho ya kuandika matokeo juu yake. Kwa hiyo hesabu iliyokosewa inaweza kurudiwa kesho, hata baada ya miezi, mradi hati zenyewe zimetunzwa. Mtu akituambia kwamba mshahara wa mwezi uliopita hauwezi kukaguliwa tena kwa sababu umekwisha kupigwa hesabu, tumwombe atuonyeshe hati.

Kilo hupotelea wapi?

Si kila kosa ni wizi. Mara nyingi ni agizo lililoandikwa haraka. Lakini tumbo la mtoto halijui tofauti. Haya ndiyo makosa matano tunayopaswa kuyajua.

1. Namba iliyoandikwa kama maneno. Ikiwa kilo 23 za saa 6 mchana ziliingizwa kama maandishi badala ya namba, jicho la mtu linaona 23, lakini hatua ya kujumlisha inaziruka. Haisimami wala haipigi kelele. Kilo 56 zinakuwa 33. Tuseme kwa mfano kilo moja inalipwa faranga 40: mfanyakazi aliyestahili faranga 2,240 analipwa 1,320. Amepoteza faranga 920 kwa siku moja, na karatasi yake inaonekana safi kabisa.

2. Orodha tupu. Tumesema kwamba aliyekuwa akipogoa siku hiyo hana mizani. Katika hatua ya kufungua, hati yenye orodha tupu huanguka nje ya mkondo, isipokuwa mwandishi wa maagizo ameamuru ibaki. Kama siku za kazi zinahesabiwa baada ya hatua hiyo, siku ya kupogoa haimo. Mtu alishika kisu kutwa nzima, na kompyuta inamwona mtoro.

3. Kukusanya kwa jina. Majina yanayofanana ni mengi katika vilima vyetu. Agizo likisema "kusanya kwa jina" badala ya "kusanya kwa namba", watu wawili wanakuwa mtu mmoja. Na jina la mtu mmoja likiandikwa kwa herufi tofauti, mtu huyo anakuwa wawili, kila nusu ikipata malipo madogo. Wale ambao namba yao haikuandikwa kabisa hukusanywa wote katika fungu moja lisilo na mwenyewe.

4. Saa ya usiku. Kosa hili ni la wenzetu wa zamu katika viwanda. MongoDB hutunza saa kwa majira ya dunia, na Rwanda iko mbele kwa saa mbili. Mtu akianza kazi saa 7 usiku wa kuingia tarehe 1 Julai, kompyuta inaandika saa 5 usiku tarehe 30 Juni. Agizo la kuchuja lisipotaja majira ya hapa kwetu, zamu hiyo inaangukia mwezi uliopita ambao umekwisha kulipwa.

5. Wastani wa wastani. Kosa hili ni zito, maana hutumika kupanga kazi ya siku. Tuseme shamba A lina wachumaji 10 wenye wastani wa kilo 60, na shamba B wachumaji 30 wenye wastani wa kilo 40. Akichukua 60 na 40 akagawa kwa mbili, karani anapata 50. Lakini kilo zote ni 600 na 1,200, yaani 1,800, na watu ni 40. Wastani wa kweli ni 45. Kipimo kikipangwa kuwa 50, kila mtu ameongezewa kilo tano ambazo hakuna mzani uliozipima.

Tufanye nini?

Hatuna haja ya kuwa mafundi wa kompyuta. Tunahitaji mambo manne.

Jambo la kwanza, tusitupe kadi. Kila mchumaji aandike uzito wake kila unapopimwa, hata katika daftari la mtoto la shule. Bila shahidi wa pili, neno letu ni hewa.

La pili, wajumbe wetu waombe mkondo ukaguliwe kwa mtu mmoja. Karani achuje namba moja tu, kisha asimamishe mkondo baada ya kila hatua na kuonyesha kilichotoka. Kazi hiyo si ya siku nzima. Kilo zilikuwa 56 kabla ya kukusanya. Je, bado ni 56 baada yake? Hatua ambayo namba inapungua ndiyo yenye kosa.

La tatu, hesabu ya kuingia na kutoka ilinganishwe kila mwezi. Watu walioingia katika mkondo ni wangapi, na waliotoka ni wangapi? Kilo zote za wachumaji zikijumlishwa, zinakaribiana na kilo zilizopimwa kwenye lango la kiwanda? Majani hupoteza maji kidogo njiani, lakini upungufu huo ungeonekana langoni. Kama lango limepokea kilo nyingi kuliko zile wachumaji walizolipwa, hapo pana swali.

La nne, tujue haki yetu. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa za mtu binafsi, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake na kuomba zisahihishwe. Uzito wa kikapu chako, ukiwa umeandikwa kwa namba yako, ni taarifa yako. Kuomba kuuona si utovu wa nidhamu.

Ndugu wafanyakazi, hatuipingi kompyuta. Ikiagizwa vizuri hupiga hesabu ya watu elfu moja bila kuchoka na bila kumpendelea mtu, jambo ambalo daftari la zamani halikuweza kila mara. Na karani aliyeketi mbele yake ni mfanyakazi kama sisi. Tumwendee kwa heshima, tukiwa na kadi mkononi. Tunachotaka ni kwamba kilo iliyobebwa mgongoni kutoka kilimani ifike kwenye karatasi ya malipo ikiwa kilo ile ile.

Haba na haba hujaza kibaba. Nacho kibaba hupungua kwa haba na haba, asipokuwapo wa kuhesabu.