Dawa ya ADHD Haisisimui Misuli

Mwaka 1944 Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, alitengeneza kemikali mpya. Mkewe Marguerite, aliyekuwa na shinikizo la chini la damu, akawa anaimeza kabla ya kuingia uwanjani kucheza tenisi, na mchezo wake ukachangamka. Jina lake la nyumbani, Rita, ndilo lililozaa Ritalin. Leo kemikali hiyo, methilifenideti, huandikiwa watoto wengi wenye ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kukaza mawazo.

Kurasa zetu za michezo huziita dawa za namna hii "dawa za kusisimua misuli". Hapa jina hilo linapotosha, kwani methilifenideti kazi yake kubwa iko ubongoni. Kwa kawaida seli za neva zikishatoa dopamini na noradrenalini, kemikali za kupelekeana ujumbe, huzifyonza tena upesi. Dawa huziba njia hiyo ya kurudi, nazo zikakawia kati ya seli. Dopamini husaidia ubongo kuanzisha mwendo, kuzuia mwendo usiotakiwa na kupima kama jambo linastahili jasho.

Watoto wengi wenye ADHD hujikwaa, huangusha vikombe, na mpira huwaponyoka. Baadhi yao wakitumia dawa hudaka na kusimama kwa mguu mmoja vizuri zaidi. Hata hivyo, mkono una siri zake. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani, Oliver Tucha na Klaus Lange, walipima kwa kompyuta mwendo wa kalamu za wavulana wenye ADHD. Wakiwa wametumia dawa, mwandiko ulisomeka vizuri zaidi, ila kalamu ilikwenda kwa kusitasita. Inaelekea mtoto alikuwa akiichunga kila herufi, na kuchunga huko kukakatiza mwendo ambao mkono uliozoea hujiendea wenyewe.

Penye joto, mambo huwa mazito zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Ubelgiji waliwapa waendesha baiskeli miligramu 20 za methilifenideti. Katika nyuzi 18 za Selsiasi, dawa haikubadilisha kitu. Katika nyuzi 30, walimaliza kazi ileile kwa muda pungufu wa asilimia 16 hivi. Miili yao ilipata joto zaidi, lakini walipoulizwa kazi ni nzito kiasi gani, majibu hayakubadilika. Kengele ya uchovu ilikuwa imefifishwa.

Tarehe 13 Julai 1967, kwenye mbio za Tour de France, Mwingereza Tom Simpson, mwenye miaka 29, alianguka akipanda Mont Ventoux katika jua kali. Alipandishwa tena baiskelini, akaanguka tena, akafa. Mwilini mwake ilikutwa amfetamini, dawa ya jamii hiihii.

Ndiyo maana shirika la kupambana na dawa haramu michezoni, WADA, huzikataza dawa za jamii hii wakati wa mashindano, isipokuwa kwa mgonjwa mwenye kibali. Mwaka 2016 mwanajimnastiki Simone Biles wa Marekani alisema wazi kwamba ana ADHD na ametumia dawa tangu utotoni. Hakuna aibu katika hilo.

Mzazi, usimwachishe mtoto dawa bila daktari. Kocha, juani usingoje aseme amechoka: tazama saa, mpeleke kivulini, mpe maji.