Chiriku na bakteria: nani anajifunza haraka zaidi?

Ukipita asubuhi pembeni ya mashamba ya mahindi hapa Songea, au ukipanda kuelekea Matogoro, utamsikia chiriku akiimba. Ni ndege mdogo wa njano, gramu 12 hivi. Na ndani ya utumbo wako wewe msomaji wamo bakteria wanaoitwa Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Leo tuwalinganishe hawa wawili.

Tuanze na ukubwa. Chiriku ana mabilioni ya seli. E. coli ni seli moja tu, tena haina hata kiini. Urefu wake ni kama milimita moja uliyoigawa mara 500.

Uzazi je? Chiriku jike hutaga mayai 3 au 4 na kuyaatamia kwa wiki mbili hivi. E. coli akipata chakula na joto la kutosha anagawanyika kila baada ya dakika 20. Yaani ukianza na mmoja saa 1 asubuhi, ikifika saa 8 mchana wako zaidi ya milioni 2!

Hata hivyo wote wawili wanatumia DNA, na wanaisoma kwa namna ileile. Ni ndugu wa mbali sana.

Sasa tuje kwenye kujifunza. Kinda wa chiriku hazaliwi akiujua wimbo wa kwao. Anawasikiliza wakubwa, anajaribu, anakosea, mpaka unakaa sawa. Bakteria hana ubongo, lakini naye anapokea kitu kutoka kwa wenzake. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba E. coli mmoja anaweza kumpa mwenzake jeni. Siyo lazima awe mtoto wake, hata jirani tu.

Jeni hiyo ikiwa ya kuhimili dawa, jirani naye anakuwa sugu, na watoto wake wote wanairithi.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. UTI nyingi husababishwa na E. coli. Ukimeza antibayotiki kwa ajili ya mafua, virusi vya mafua havidhuriki, ila bakteria dhaifu tumboni wanakufa na sugu wanabaki na nafasi ya kuzaliana. Siku ukiugua UTI kweli, dawa ileile inaweza kugoma. Kwa hiyo pima kwanza, tumia dawa uliyoandikiwa, na usimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Bakteria wao wanagawiana tayari.