Nyumba ya Chatsworth na Bustani Yake

Katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, kando ya mto Derwent, ipo nyumba ya zamani iitwayo Chatsworth, makao ya ukoo wa Cavendish. Nyumba ya kwanza ilianza kujengwa mwaka 1552. Hii ionekanayo leo ilijengwa kwa sehemu kubwa baina ya mwaka 1687 na 1707 na Duke wa kwanza wa Devonshire. Mgeni alipaye kiingilio aweza kushinda huko kutwa, akatazama vyumba na picha, kisha bustani yenye eka 105.

Jambo linalowastaajabisha wengi bustanini ni bomba lirushalo maji juu. Lilitengenezwa mwaka 1844 na Joseph Paxton, mkuu wa watunza bustani, kwa kumtazamia Mfalme Nicholas I wa Urusi. Mfalme huyo hakufika, lakini maji yaliwahi kuruka futi 296. Wala hakuna mtambo uyasukumao. Paxton alichimbisha ziwa la eka 8 kilimani, akayateremsha maji kwa mabomba. Uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoyasukuma yaliyo chini.

Paxton huyo huyo, yapata mwaka 1830, alipata mche wa mgomba uliofika Uingereza kutoka Mauritius. Akaupanda katika nyumba ya vioo yenye kupashwa moto, maana baridi ya huko ingaliuua. Mwaka 1835 ukachanua, ukapewa jina la ukoo wa bwana wake. Ndiyo asili ya jina Cavendish, lijulikanalo na wakulima wa ndizi hata hapa Kenya.

Walakini nyumba hiyo ilikaribia kuponyoka mikononi mwa wenyewe. Duke wa kumi aliitoa mali yake mapema kwa ajili ya warithi, na sheria ilitaka aishi miaka mitano baada ya kuitoa ndipo isamehewe kodi ya urithi. Akafa Novemba 1950, muda haujatimia bado. Serikali ikadai karibu asilimia 80 ya thamani ya mali yote. Mwanawe akauza maelfu ya eka za ardhi, akaitolea Serikali picha za thamani na nyumba nyingine ya ukoo, Hardwick Hall, ili Chatsworth isalie.

Ili hatari hiyo isirudi, mwaka 1981 nyumba na bustani viliwekwa chini ya amana ya hisani, na viingilio vya wageni husaidia kulipia matengenezo. Tangu hapo hata Duke mwenyewe hulipa pango la vyumba anavyokaa. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa fahari ya mtu mmoja yategemea sasa fedha za watu wengi wapitao mlangoni pake.